Shuka Chini ya Kengele ya Moshi

Chumba kile nilikipanga kwa ajili ya mama yangu kabla sijanunua hata meza ya kulia. Kitanda kifupi asipate taabu kupanda, pazia la kijani, mkeka wa kuswalia. Juu, katikati ya dari, kengele ya moshi, kidude cheupe cha duara chenye kitaa chekundu. Jengo letu jipya la hapa Kanombe halikuruhusiwa kukaliwa na watu mpaka kila chumba cha kulala kipate ya kwake, na mkaguzi alizijaribu zote huku ameziba sikio. Nilijisikia mtu wa maana. Nilikulia Rwezamenyo, mtaa wa zamani wa ng'ambo ya mji, katika nyumba ya mlango mmoja na jiko la makaa, ambako moto ukizuka tulimtegemea jirani mwenye pua nzuri.

Mama alihamia siku ya Alhamisi. Nilisahau, mimi mtoto wa nyumba ile, kwamba Alhamisi magharibi ikiingia nyumba hufukizwa. Aliwashia makaa kwenye jiko langu la gesi, akayatia katika chetezo chake, akanyunyiza ubani, akaanza kuzunguka pembe za chumba akisoma dua. Alipofika katikati, kengele ikalia, na za vyumba vingine zikaitikia. Mlinzi alipanda ngazi mbio na mtungi wa kuzimia moto. Majirani wakatoka nje, mmoja na mtoto mgongoni.

Mlinzi alipoona chetezo nusura acheke, akajizuia kwa adabu.

"Mama, ihangane, pole sana. Moshi hapana ndani. Iko sheria ya nyumba yote."

"Nimesikia, mwanangu," mama akajibu, akamwagia makaa maji. Sijawahi kumwona akizima chetezo kwa maji.

Asubuhi nilimkuta amefunga kikapu. Nikamwambia nimeuliza, anaruhusiwa kufukizia kibarazani. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikikosea kufunga ushungi.

"Nyumba inafukizwa ndani. Huko nje nitamfukizia nani?"

Nilimsihi abaki. Hakukasirika, angekasirika ningejua la kusema. Alisema tu kwamba katika nyumba isiyofukizwa hapati usingizi, akarudi zake Rwezamenyo.

Nami siwezi kuing'oa ile kengele. Yule mtoto wa mgongoni analala nyuma ya ukuta wangu, na hata mimi, kusema kweli, nalala vizuri nikijua iko macho. Lakini nyumba yangu inanuka rangi mpya na sabuni, na kila Alhamisi jioni nashikwa na hamu ya mama.

Naye ana dawa yake. Nikienda kumsalimia huzichukua shali zangu, akazifukiza kwake, kisha hunitumia Ijumaa kwa pikipiki, zimekunjwa katika mfuko wa karatasi. Ijumaa iliyopita, chini ya shali, nilikuta shuka ya kitanda chake cha hapa, nayo imefukizwa. Kumbe aliondoka nayo. Amenirudishia, nikajua harudi.

Niliitandika, nikafunga madirisha na mlango, nikakaa kitandani. Chumba kizima kilinukia mama. Kitaa kilikuwa kinawaka kama kawaida, kengele kimya. Nilitamani ilie, mlinzi apande mbio, majirani watoke, nami nimkute mama amesimama katikati ya chumba, chetezo mkononi.