Faili za Uwanja wa Ziwani

Asenath Nekesa alipostaafu kazi ya kupiga chapa mwaka wa 1994, wapangaji wenzake wa mtaa wa Ziwani walimkabidhi karatasi za chama chao, zilizokuwa zikiliwa na mende kabatini kanisani. Alizipanga mwaka kwa mwaka, akaandika daftari la kuonyesha kila barua iko wapi. Chumba cha kulala kilipojaa, alihamishia kitanda chake sebuleni.

Miaka miwili baadaye, bwana mmoja mwenye suti alileta wapima ardhi wakachomeka vigingi, akidai uwanja wa kuchezea watoto wa mtaa huo ni kiwanja chake. Aliposikia kuna barua za zamani, alikwenda kubisha mlangoni kwa Asenath.

"Mama, nipe hizo faili nikakuhifadhie ofisini. Hapa zitaungua."

"Ukitaka kusoma, karibu ukae," Asenath alisema. "Lakini kutoka, hazitoki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Sijui. Andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, nitajua."

Hakuandika. Alipoondoka, Asenath alibeba faili hadi duka la kutoa nakala, akatoa nakala za barua, akazigawa kwa majirani.

Jumamosi alisimama uwanjani mbele ya umati, wapima ardhi na yule bwana wakiwepo, akasoma barua ya baraza la mji ya mwaka wa 1968 iliyotenga uwanja huo kwa ajili ya watoto. Wapima ardhi waliangalia sahihi na muhuri wake, wakaanza kung'oa vigingi vyao.

"Hiyo karatasi nitaipata tu," yule bwana alisema.

"Itafute," Asenath akamjibu. "Iko katika nyumba kumi na mbili, na sikuambii ni zipi."