Marahaba ya Shangazi

Mimi ndiye niliyempeleka dairekta nyumbani kwa shangazi yangu, kijijini Mvumi. Tulikuwa tumemaliza kupiga sini za filamu yetu kule Mikumi, akawa anatafuta bibi mwenye uso wa mateso. Uso wa mateso! Mama wa watu amenilea na kunisomesha kwa jembe lake, halafu mimi, msaidizi wa dairekta, nikaona sifa kumtoa. Siku ya kupiga alitoka ndani na gauni lake la kanisani, watu wa mekapu wakamvua, wakamfunga kanga chakavu.

Sini yenyewe ilikuwa ndogo. Kijana aliyeuza shamba la familia anarudi, anamwamkia bibi, bibi haitikii. Basi.

"Ekshen!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Kata!"

Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu hakucheka mtu. Shangazi akanivuta pembeni. "Mwanangu, mtoto wa watu huyu hajanikosea kitu. Shikamoo yake niiache hewani? Si kumlaani huko?" Nikamwambia ni maigizo tu. Akasema maigizo sawa, ila mdomo ni wake.

Mara ya sita dairekta, mtu wa kumzaa kabisa, akatupa makaratasi chini. "Hivi huyu bibi ana akili timamu? We, ongea na ndugu yako!"

Kwenye kazi yetu kuna adabu, na mimi nilikuwa naijua yote: simu inazimwa, dairekta habishiwi mbele ya watu. Adabu ya nyumbani sijui niliitupa wapi siku ile. Nikamgeukia shangazi, majirani wamejaa uani, nikafoka, "Shangazi, funga mdomo! Unatuaibisha!"

Tukarudia. Kijana akaamkia. Shangazi hakuitikia. Wala hakumtazama yule kijana, alinitazama mimi.

"Safi sana!" dairekta akapiga makofi. "Si umeona anaweza?"

Waliotazama filamu wameisifia sini ile mpaka wamechoka, eti bibi ana kipaji. Kipaji gani, jamani! Mpumbavu ni mimi.

Nimekwenda Mvumi mara nne tangu siku ile. Nainama mlangoni, "Shikamoo shangazi." Anaendelea kupepeta mahindi. Chakula ananiwekea, maji ya kunawa ananiletea. Mara ya mwisho nilikuwa bado nimesimama pale mlangoni, jirani akapita njiani, akamwamkia.

"Marahaba mwanangu," shangazi akaitikia. "Za huko kwenu?"