Baba Yuko Fuma, Mama Hajui

Admin, nakuomba ulifiche jina langu, maana Wabajuni tumebaki wachache na tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni kijana wa miaka 23, mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa, mkazi wa Kismayo, na sasa ni mwanafunzi huku Uturuki, mwaka wa pili. Nyumbani nimewaacha mama na mdogo wangu wa kike. Mama anauza bajia, na akikataa jambo amekataa.

Wiki iliyopita chuo kilitupeleka kutembelea viwanja vya vita vya zamani na makaburi ya askari. Kila jiwe lina jina, umri na kijiji cha marehemu. Binti mmoja wa darasa letu alilia mpaka akashikwa mkono. Mimi nilikuwa nawaza kama chakula kitawahi. Mwalimu akanisogelea: "Wewe umetoka kwenye vita, haya yanakugusa zaidi." Nikaitikia tu, kwa adabu. Ukweli sikuhisi kitu. Moyo umekufa ganzi.

Sababu yake naijua. Nilipokuwa na miaka kumi, vita vilifika kisiwani kwetu. Baba alitupakia mimi na mama kwenye mashua, akatushusha Kismayo, akarudi kuwachukua majirani. Hatukumwona tena. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba.

Nilipofika miaka kumi na mitano, ami yangu, ndugu yake baba, alinichukua kwenda kuvua. Akanishusha kisiwa cha Fuma, akanionyesha mchanga mtupu juu ya ufuo.

"Babako yuko hapa," akasema. "Nilimkuta na risasi ya kifua, nikamzika na kikoi chake. Mamako nilingoja ajifungue ndipo nimwambie."

Alipojifungua, ikawa ngoja arubaini itoke. Kisha ngoja mtoto apone. Kisha ngoja Ramadhani ipite. Akaniapisha na mimi nisiseme mpaka yeye aseme. Mwaka jana ami akafariki, na ngoja zake zote akaniachia mimi. Wazee husema la kuvunda halina ubani, lakini mimi hili nimelifukiza miaka minane.

Sasa yupo fundi mashua mmoja, mtu mzima wa heshima aliyefiwa na mkewe. Ameshapeleka posa kwa mama mara mbili. Mama anamjibu vilevile, kwa Kibajuni chake: "Mimi ni mke wa mchu," yaani mke wa mtu. Watu wanacheka, wanasema mwanamke huyu ana mapenzi ya ajabu. Nilimuuliza shekhe mmoja huku, bila kutaja majina, akaniambia mjane mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua. Kwa hiyo mama aliingia eda na akatoka, na mwenyewe hana habari.

Tukiwa kwenye basi la kurudi chuoni, nilimtumia mama picha za yale makaburi. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aanze yeye. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, nasikia mafuta ya bajia yakichemka nyuma yake: "Maskini, hawa wachu wana makaburi. Babako hana. Ndipo nikajua yu hai."

Alisema kwa furaha kabisa. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi, na chozi halijanitoka hata moja. Ndugu zangu, mimi naogopa hii hali yangu.

Likizo ikifika narudi Kismayo. Nikinyamaza, mama atazeeka akimngoja mtu aliye mchangani, na hakuna mwingine duniani anayelijua kaburi lile. Nikisema, najua atalia, na kilio chake nitakistahimili. Ninachokiogopa ni swali atakaloniuliza akishanyamaza: "Ulijua tangu lini?"

Nyinyi mliojaaliwa busara, nielekezeni. Nimjibu nini?