Njia ya Upande wa Kushoto

Tarehe tisa ya mwezi wa pili nilimpoteza mume wangu. Malaria ilimpanda kichwani usiku, na asubuhi, kabla hatujapata wa kumpeleka hospitali ya Kasongo, alikuwa ameshakwenda. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka wagonjwa wa wenzake.

Alikuwa motari, mwenye kubeba abiria kwa pikipiki. Pikipiki yake ilisimama kwenye parking ya soko la Wamaza, pembeni ya mama anayekaanga mandazi, na kila mtu alijua kwamba pale ni pake. Tulipomaliza matanga, mdogo wake alirudi kutoka Bukavu, akaichukua pikipiki na kuomba nafasi ile. Prezida wa parking, mkubwa wa wamotari wote wa pale, alikataa, ingawa si kwa ubaya.

"Pikipiki unajua," alimwambia. "Njia haujue. Siku mvua itakata barabara, mama mwenye mimba utamupitisha wapi?"

"Nitauliza watu."

"Porini? Utauliza nyani?"

Watu walicheka, na shemeji yangu naye akacheka kidogo.

Kiangazi kikifika, wamotari wa Kasongo, Salamabila na Wamaza hushindana. Wanatoka Kasongo asubuhi na kuja Wamaza kwa njia za porini, zile zinazotusaidia wakati wa mvua. Barabara kubwa ni marufuku, na simu zinaachwa kwenye kikapu. Kila pikipiki ina watu wawili, mmoja anaendesha na mwingine anaonyesha njia. Katika vijiji vinne vya njiani anakaa mtu mwenye nyuzi za ukindu, kila kijiji na rangi yake, na ukipita anakufungia uzi mmoja kwenye usukani. Prezida alisema shemeji akifika na rangi zote nne kabla ya jua kuzama, nafasi ni yake. Akikosa hata moja, watapewa wengine wanaoingoja.

Mimi sikutaka kuona pikipiki ya mtu mwingine imesimama pale. Nikasema, "Nitamuonyesha mimi." Miaka yote nilikuwa nikienda Kasongo kununua chumvi na sabuni, na mume wangu ndiye aliyenirudisha kwa njia hizo za porini. Nani aliyezipita njia zile kunishinda, nilijiuliza.

Siku ya mashindano nilivaa suruali ya marehemu, nikaifunga kiunoni kwa kamba. Shemeji, anayeniita yaya kama dada yake mkubwa, alikuwa ameniambia, "Yaya, leo hakuna kukaa kama mama wa sokoni. Tanua miguu, shika mimi, tukimbie." Pale Kasongo motari mmoja wa Salamabila alimwuliza, "Umebeba kiongozi ao umebeba mufuko wa muhogo?"

"Muhogo huu utakungoja Wamaza," nilimjibu. Sikujua nimelitoa wapi neno hilo. Tangu mwezi wa pili nilikuwa sijatania mtu.

Tuliondoka vizuri. Uzi mwekundu tuliupata, kwa sababu tulifuata vumbi la wenzetu. Halafu wenzetu walitawanyika, kila mmoja na njia yake, tukabaki peke yetu kwenye majani marefu. Tukafika panapogawanyika njia mbili.

"Wapi, yaya?"

Nilitazama. Sikupatambua hata kidogo. Nikasema kulia, tukaishia kwenye shamba la mpunga la mtu. Tukarudi, tukaenda kushoto, tukakuta njia nyingine tatu, nazo zote zilikuwa ngeni kwangu. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Shemeji alizima pikipiki.

"Yaya, useme kweli. Njia hii unaijua?"

"Nilikuwa ninaijua," nilisema. Niliona nimempoteza mume wangu mara ya pili, safari hii na njia zake.

Mgongo uliniuma kwa kutanua miguu. Tulipojaribu polepole moja ya zile njia tatu, niliigeuza miguu yangu yote upande wa kushoto, nikakaa kama nilivyokaa siku zote na kitenge changu. Hapo nikakiona kichuguu kilichopasuka kichwani. Nikaliona shimo la kukanyagia mawese, na nyuma yake tanuru ya matofali iliyobomoka.

"Simama," nilimwambia. "Ni hapa."

Miaka yote ile nilikuwa nimekaa upande. Mbele sikuona kitu isipokuwa bega la mume wangu. Njia yote ya kurudi Wamaza niliijua kwa upande wake wa kushoto tu.

Shemeji aligeuka, akaniangalia na suruali ile na miguu imening'inia. "Kwa hiyo mimi niko ninaongozwa na mutu anayeangalia pembeni?"

"Endesha."

Aliendesha. Nilikuwa nikisema, "Kichaka cha mianzi kikiisha, kata," au "Kaburi lenye beseni, shuka polepole," na kila kitu kilikuja kwa zamu yake kama watu wanaokuja kunisalimia. Kwenye mteremko wa kijito nilijikuta nimeshika koti la shemeji kabla ya kuona maji. Hapo mume wangu alikuwa akisema, "Shika, mama," na mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka. Tulivuka, maji yakaturukia mpaka usoni. Nilicheka kwa sauti, peke yangu kwanza, halafu shemeji akaanza naye, pikipiki ikayumba nusura ituangushe.

Tukapata uzi wa manjano, tukapata wa kijani. Mzee aliyefunga ule mweusi wa mwisho alisema alikuwa anataka kwenda nyumbani kula.

Hatukushinda. Wengi walikuwa wameshaoga tulipoingia Wamaza, na yule wa Salamabila alikuwa anakula mandazi. Lakini jua lilikuwa bado juu ya mapaa. Prezida aliinama, akazishika nyuzi moja moja.

"Mulipitia wapi hata mukachelewa hivi?"

"Kushoto," alisema shemeji.

Prezida aliwaambia vijana waondoe baiskeli iliyokuwa imeegemezwa pembeni ya mama wa mandazi. Shemeji aliisukuma pikipiki mpaka pale, akaisimamisha, akapangusa tope kwenye kiti. Kabla sijafungua mdomo, mwanamke mmoja alikuja na kikapu cha kuku, akauliza bei ya kumfikisha kijijini kwake. Walikubaliana, akapanda, wakaondoka.

Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, na suruali ile.