Bizari Mbili

Vita vya pili vilipokwisha, enzi za Mwingereza, mume wangu alipata ukarani bandarini, tukapanga chumba Keko, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja. Nilikuwa mke mpya kutoka bara, Mkristo, na katika ua ule nilikuwa peke yangu wa namna hiyo. Hakuna aliyenisema vibaya. Ila kila kulipokuwa na shughuli nilipewa kazi ile ile ya kumenya vitunguu, na kinu cha viungo kilibaki kwa mama mwenye nyumba, ambaye pilau yake ilisifiwa hadi Temeke. Mpangaji anamenya vitunguu, wenyewe wanatwanga viungo. Ndivyo nilivyolielewa jambo lile, na liliniuma.

Siku moja ya maulidi nikapata nafasi. Mama mwenye nyumba alikuwa ameelemewa na wageni, akaniambia nikimbie dukani nikanunue bizari, kisha niitwange pamoja na pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki alizokwisha kuziweka kwenye ungo. Nilikwenda kama mtu aliyepandishwa cheo. Kwetu bara niliijua bizari moja tu, ile ya manjano, ambayo mke wa mwalimu wetu alitia kwenye mchuzi siku za sikukuu. Nikanunua hiyo, nikatwanga, nikamimina mwenyewe kwenye sufuria kabla mtu hajaniwahi.

Sufuria ilipofunuliwa, pilau ilikuwa na rangi ya kiini cha yai. Kumbe mtu wa Pwani akisema bizari, na pilau iko jikoni, anataka bizari nyembamba, zile punje za kahawia. Wala haoni haja ya kufafanua, maana nani asiyejua? Wageni walikula kwa adabu. Wanawake wa uani walicheka mpaka wakashika mbavu, na wiki nzima nikitokea tu mtu aliuliza kama manjano bado yapo. Nilicheka nao, kisha nikaingia chumbani nikalia kwa hasira. Mume wangu alinishauri niachane na mambo ya watu, niridhike na vitunguu. Nilimwambia siridhiki.

Nikanunua kinu changu kidogo. Kila alasiri nilikaanga viungo kwenye kikaango kikavu, nikavitwanga, nikavichekecha, nikampelekea mama mwenye nyumba kiganjani. Alinusa, akasema, "Bado," akaendelea kusuka ukili wa mkeka wake. Hakusema kilichokosekana. Nilimchukia kwa neno hilo moja, sitaficha. Nikapunguza karafuu: bado. Nikaongeza iliki: bado. Wanawake wengine wakawa wanalisema kabla yake, wakiniona tu nimekunja kiganja.

Mwezi wa pili wa kujaribu ndipo nilipokitazama kikaango vizuri. Vijiti vya mdalasini vilikuwa havijapata hata joto, na bizari nyembamba ilikwisha kuungua. Nilikuwa nakaanga vyote kwa mpigo, kwa haraka ya kwenda kushinda. Siku hiyo nilikaanga kimoja kimoja, bizari mwisho, nikaiepua mara tu iliponukia. Mama mwenye nyumba alinusa, akanusa tena. Alifungua kopo lake mwenyewe la viungo, akanishika mkono, akakung'utia humo kila chembe iliyokuwa kiganjani mwangu.

Binti yake alipoolewa, nilitwanga mimi. Nilianza asubuhi na mapema, na kufikia adhuhuri viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, lakini kila aliyetaka kunipokea mchi nilimkatalia. Wanawake wa upande wa bwana harusi wakaja jikoni wamefuata harufu. Mmoja wao, mtu mzima kutoka Kariakoo, akauliza viungo vile vimenunuliwa duka gani, naye akanunue. Nikainamia kinu, nikijua jibu lolote nitakalolisikia ndilo nitakaloishi nalo katika nyumba ile.

Mama mwenye nyumba hakuinua macho kwenye sufuria.

"Havikununuliwa," alisema. "Katwanga mwanangu."

Mgeni akatazama huku na huku, maana binti aliyemjua yeye alikuwa ndani anapambwa. Akauliza ni mwana yupi.

Mama mwenye nyumba akaninyooshea mwiko.