Siku Nilipoiitikia Kompyuta

Naandika huku uso unaniwaka, maana hata leo nikikumbuka natamani sakafu ya sebule yetu inimeze.

Ilikuwa arobaini ya Bibi, nyumbani kwetu Bigwa, mchana, ila ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka tukawasha taa saa nane. Mama hakumzika mama yake, siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitali, ametoka kupasuliwa, kwa hiyo alikuwa anasubiri kitu kimoja tu: video ya Bibi ambayo Mjomba aliirekodi wiki ya mwisho ya uhai wake. Simu aliyorekodia ilishaibiwa, ikabaki kopi moja kwenye flashi. Asubuhi Mjomba alinikabidhi, akasema niijaribu kwanza kwenye laptop ya Baba. Sikuijaribu (nilikuwa nasugua masufuria, nikasahau). Sala ilipoisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Umeijaribu, mpwa wangu?" na mimi, ambaye nikitazamwa na watu watatu tu natetemeka, nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Jibu hilo ndilo lililoniponza.

Nikabonyeza. Kioo cheusi. Kisha kutoka kwenye ule weusi ikaja pumzi ya mtu anayehema polepole, na sauti ya Bibi mwenyewe ikaita: "Tulia! We Tulia!"

Nikapiga goti. "Abee, Bibi! Shikamoo!"

(Mbele ya ukoo mzima. Naiamkia kompyuta.)

"Usiitike, we mtoto!" Mama Mdogo akapiga kelele. "Marehemu akikuita haitikiwi!"

Na ule weusi ukajibu: "Marahaba. Umekuja. Kaa hapa."

Viti vikaanguka. Shangazi alitoka na kiatu kimoja. Nikabonyeza kila nilichokiona, ikaja nusu picha ya kijani, jicho moja la Bibi limeganda huku sauti inaendelea, nikataka kuchomoa flashi, Mama akanidaka mkono.

"Acha! Ukiiharibu nitamwona wapi tena?"

Hapo nikalia, nikakiri kwamba sikuijaribu. Mjomba akasoma ujumbe kwenye kioo: kodeki haipo. Kumbe simu yake ilizibana picha kwa namna mpya, na laptop yetu kuukuu haikuwa na kodeki, ile programu ndogo ya kuzifungua, ikafungua sauti vizuri lakini picha ikatoa vipande tu. Nikaanza kupakua programu nyingine iliyokuja na kodeki zake, taratibu mno, huku binamu zangu wananichungulia dirishani: "Tulia, hebu muulize kama amekula!"

Ikacheza. Bibi amekaa kitandani, anakitazama kigoda kitupu. Anaita jina langu. Ananyamaza, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza, kisha anasema marahaba na kukipapasa kigoda. Siku aliyorekodiwa mimi nilikuwa bwenini, shuleni Kilakala.

"Ilikuwa homa," Mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Hapakuwa na mtu pale."

Dirishani kicheko kikakatika.

Mama akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza, akaweka kidole kwenye shavu la Bibi pale kwenye kioo. "Mama," akasema, "nisamehe, sikuweza kuja." Hakuna aliyemkataza, hata Mama Mdogo.

Nimejiapiza sitasema tena nimejaribu kitu ambacho sijakijaribu. Faili yoyote nitaifungua mapema, kabla watu hawajakaa, nikiwa peke yangu. Hapana, si peke yangu, nisije nikaitwa tena.