Kadi za Waridi za Shangazi

Kama hukuwahi kumwona Shangazi akilehemu, basi mkono wa fundi hujauona, na hapo sitafuni maneno. Miaka kumi na tisa alikalia kiti kilekile karibu na dirisha la karakana, chuma cha moto mkononi, miwani imemteremka puani, na kila tone la risasi iliyoyeyuka likatua pale alipolituma. Karakana nzima ilimwita Shangazi, hata Meneja, ambaye Shangazi ndiye aliyemfundisha kushika chuma bila kujiunguza vidole.

Zamani bodi za saketi, zile sahani za kupitishia umeme ndani ya mashine, zilikuwa na adabu. Njia za shaba juu, njia za shaba chini, ukikosea unaona. Kisha zikaja za tabaka nane, zimebanwa pamoja hata unene wake haufikii kifungo cha shati, na hizo ni kiburi kitupu. Shaba iliyojificha katikati hunyonya joto, ukadhani risasi imezama mpaka chini, kumbe imeishia mdomoni mwa tundu la kushikia mguu wa kifaa. Shangazi alijifunza kuzibembeleza: anaipasha bodi kwanza kutoka chini, anahesabu pumzi zake taratibu, ndipo anagusa.

Alikuwa na lake jingine. Kila Ijumaa alasiri alifungua mifuko iliyozibwa kiwandani, akazitoa bodi za kazi ya Jumatatu, akazipangusa mojamoja na kuzilaza juu ya kitambaa cheupe kama mtu anayemtandikia mgeni. Ndani ya kila mfuko mlikuwa na kadi ndogo yenye vidoa vya buluu. Zikishinda mezani, vidoa viligeuka rangi ya waridi, naye akazipeleka nyumbani kwa mjukuu wake, aliyezifanya tiketi za basi lake la viti vya sebuleni. Maandishi ya mfukoni yalikuwa madogo kama sisimizi, na hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

Basi msimu wa mvua mashine zikaanza kurudi kutoka hospitali. Zilikuwa mashine za kuwapa joto watoto njiti, kumi na mbili kwa hesabu. Zilifanya kazi wiki mbili tu, kisha zikazimika zenyewe, wauguzi wakakimbia kuwalaza watoto vifuani mwa mama zao. Ashukuriwe Mungu, hakupotea hata mmoja. Meneja alikuja mezani kwa Shangazi, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi kwamba labda macho yamechoka, na kwamba kule kwenye kufungasha wanahitaji mtu mtulivu. Kufungasha, jamani! Mtu kama yule unamkabidhi maboksi na utepe. Lakini kilichomkata maini Shangazi hakikuwa kiti, bali hofu kwamba kweli mkono wake umewazimia joto watoto wachanga.

Injinia, binti aliyeajiriwa mwezi uleule, aliomba apewe siku moja kabla ya lolote kuamuliwa. Alichukua bodi moja iliyorudi, akaikata katikati ya tundu, akausugua ukingo kwa msasa laini mpaka ukang'aa, akauweka chini ya hadubini. Akamwita Shangazi atazame wa kwanza.

Shangazi aliinama, akatazama. Tabaka nane za shaba zilinyooka mbele yake, nyembamba kuliko unywele, zimepangana kama kurasa za kitabu, na katikati yake imesimama nguzo ya risasi, imejaa kutoka chini hadi juu, haina pengo wala povu la hewa. Miaka yote hiyo alikuwa akifanya kazi mlangoni mwa nyumba hii, na hakuwahi kuingia ndani.

"Hii ni kazi yangu, mwanangu?" aliuliza.

Injinia akamwambia ni yake, na matundu mengine ni hivyohivyo. Machozi yakamtoka Shangazi bila kujificha. Meneja naye akatazama, akarudia kutazama, akaomba radhi mbele ya watu wote.

Kisha Injinia akaisogeza bodi kidogo. Kati ya tabaka ya tatu na ya nne palikuwa na ufa mwembamba, umezikata njia za shaba. Akaeleza kwamba bodi ilinyonya unyevu, na joto la kulehemu likaugeuza mvuke uliotafuta pa kutokea, ukaipasua kutoka ndani. Meneja hakungoja amalize. Akavuta karatasi aanze barua ya kuwashtaki waliozitengeneza bodi. Injinia alikubali kwamba huenda ni wao. Mifuko huzibwa kwa ajili hiyohiyo, akasema, na unyevu ukiingia, kadi ya ndani hugeuka rangi.

Shangazi alisikia. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kiti chake kilikuwa kimerudi, sifa zimerudi, na angenyamaza tu mambo yangekwisha. Alifungua daftari lake, akatoa kadi aliyoiweka kama alama ya ukurasa, vidoa vyake vya waridi vitupu, akaiweka juu ya barua ya Meneja.

"Usiwasingizie watu," alisema. "Zilikuja kavu. Ni mimi ninayezifungua Ijumaa, zikalala wazi na mvua yote hii. Nilidhani nazitunza."

Meneja akaikunja ile barua na kuitia mfukoni. Hakutaja tena kufungasha. Injinia akasema bodi ambazo hazijalehemiwa zitaokoka zikikaushwa kutwa nzima kwenye oveni ya joto la chini, na mifuko isifunguliwe mpaka chuma kimeshapata moto. Shangazi alilehemu kwa mkono wake bodi nyingine za mashine zote kumi na mbili, na mashine zikarudi wodini.

Ijumaa iliyofuata alifika nyumbani na kadi moja, bado ya buluu, ameiziba ndani ya kimfuko. Mjukuu akaidai tiketi yake. Wakaitoa, wakaiweka dirishani, mvua inanyesha nje, wakakaa kuitazama, na polepole vidoa vikaanza kugeuka waridi, kimoja baada ya kingine. Mtoto akashika mdomo.

"Bibi, nani anaipaka rangi?"

"Hewa tu, mjukuu wangu."

"Mbona mimi siioni?"

"Hata mimi sikuiona," alisema Shangazi.